Chungu kwanza, akiba baadaye: jibu kwa mama wa Makorora

Swali

"Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Makorora hapa Tanga. Mkubwa yuko kidato cha pili, wa pili darasa la sita, wa tatu darasa la pili, na mdogo ana miezi kumi, bado namnyonyesha. Baba yao ni fundi ujenzi. Akiwa na kazi huniachia 12,000 ya matumizi kila siku. Kazi ikikatika tunaishi kwa maandazi ninayouza asubuhi na kwa kukopa dukani. Kila Januari naandika malengo kwenye daftari: nipunguze matumizi, niweke akiba, nipike chakula bora, nikuze biashara. Haifiki Machi nimeshaacha yote. Mwaka jana nilichukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, kununua sare na madaftari, bado nadaiwa 80,000, na mume wangu hajui. Watoto nao wamechoka maharage. Nimekuandikia matumizi ya wiki moja kama yalivyo. Nianzie wapi? Na je, nikope jokofu niuze barafu na juisi?"

Jibu

Waalaykum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma yote, na ukurasa wa matumizi nimeurudia mara kadhaa. Wengi wanaoniuliza mambo ya namna hii huniambia tu kwamba pesa haikai, basi. Wewe umeandika mpaka kiberiti, mpaka ile 1,000 ya chipsi za yule wa darasa la pili. Nitakujibu kwa kuufuata ukurasa huo, maana humo jibu limo karibu lote.

Kwa ufupi: yale malengo manne yaweke pembeni, ushike moja, nalo ni kupanga chakula cha wiki. Ile 12,000 ya baba watoto karibu yote inaishia jikoni, kwenye kitoweo, unga, mchele, nazi, mafuta na mkaa. Halafu pesa yenu inaingia kwa siku. Zile bajeti za kugawa mafungu ya mwezi ulizojaribu kuzifuata zilipangwa kwa mtu anayepokea mshahara tarehe inayojulikana, ndiyo maana zimekushinda. Kwenye nyumba ya fundi bajeti ni chungu. Ukishajua Jumatano kinapikwa nini, umeshajua Jumatano itatoka shilingi ngapi, na Jumanne usiku unajua cha kuloweka. Akiba na chakula bora vitatokea humo humo jikoni, na biashara itapata nafasi ya kupumua.

Tuanze na mafuta, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi inapotea bila mtu yeyote kula zaidi. Unanunua ya kupima, kikombe cha 500, mara tatu kwa siku. Ni 1,500 kwa siku, 45,000 kwa siku 30. Umesema vikombe kumi na vitano vinajaza lita moja, kwa hiyo lita unainunua 7,500. Dumu la lita tano kwenye duka hilo hilo ni 28,000, yaani 5,600 kwa lita. Kwa mwezi mnatumia lita sita, na kwa bei ya dumu zingekuwa 33,600. Tofauti ni 11,400 kila mwezi. Mwenye duka simlaumu, maana kupima kidogo kidogo kuna kazi yake na hasara yake, lakini hiyo ni ada ya shule ya mtu mwingine unayoilipa wewe. Mkaa nao ni mfuko wa 2,000 kila siku, 56,000 kwa wiki nne, wakati gunia linaloletwa mtaani kwenu ni 42,000 na umeandika kwamba jirani mwenye watu kama wako linamkalia wiki hizo hizo nne. Hapo kuna 14,000 nyingine. Mafuta na mkaa peke yake vinakula kama 25,000 ya bure kila mwezi.

Sukari ni habari nyingine. Robo nne za 900 ni 3,600 na kilo ni 3,200, unaokoa 400 tu, na sukari ikiwa nyingi ndani chai huzidishwa utamu. Usihangaike nayo. Chumvi, majani ya chai na kiberiti viendelee kununuliwa kama mlivyozoea. Nakwambia hivi kwa sababu ushauri wa "nunua kwa jumla" umewaingiza wanawake wengi kwenye kununua kila kitu kwa mkupuo, wiki ya pili pesa ya kitoweo haipo.

Najua utaniuliza 28,000 ya dumu la kwanza itoke wapi. Itoke siku fundi anapolipwa, Jumamosi moja tu. Kuanzia hapo dumu linajilipia lenyewe, ila kwa sharti: ile 1,500 uliyokuwa ukiipeleka dukani kila siku uendelee kuitoa, uitie kwenye kopo lako. Lita tano kwa matumizi yenu ni siku 25. Siku hizo zikiisha kopo lina 37,500. Unanunua dumu jingine, zinabaki 9,500. Madumu mawili yakipita una 19,000, na baba watoto akiongeza 23,000 siku nyingine ya malipo gunia la mkaa limeingia ndani. Kisha ile 2,000 ya mkaa nayo inaenda kwenye kopo kila siku. Ni polepole, lakini hakuna siku utakayolala njaa kwa ajili ya mpango huu.

Hatari ya dumu ni kwamba mafuta yakionekana mengi, mkono unalegea, na majirani wanakuja na vikombe. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, Jumapili ujaze mafuta isifike shingoni, dumu lirudi chumbani. Chupa hiyo ndiyo ya wiki. Ikiisha Ijumaa, Jumamosi mnakula cha kuchemsha. Na siku unayopika kwa nazi punguza mafuta kweli kweli: kijiko kimoja cha kukaangia kitunguu kinatosha, tui lina mafuta yake. Katika wiki uliyoniandikia nimeona siku nne ambazo umetia nazi mbili na mafuta vikombe vitatu kwenye chungu hicho hicho.

Sasa chakula chenyewe. Watoto wako hawajachoka maharage, wamechoka maharage ya namna moja, yale yale ya jioni na ugali, siku tano kwa wiki. Loweka maharage kilo moja Jumamosi usiku, hapo tayari umepunguza mkaa, maana yaliyolowekwa huiva upesi zaidi. Jumapili asubuhi chemsha yote pamoja na chumvi kidogo, yakiiva gawa mara mbili kabla hujatia kitu kingine chochote. Nusu itie tui, liwe rojo zito la kula na wali mchana. Nusu ya pili ibaki kavu, bila nazi, bila nyanya, kwa sababu chenye nazi ndicho kinachochacha haraka kwenye joto letu. Jioni hiyo nusu ichemshe tena, uifunike, na Jumatatu mchana uikaange kwa kitunguu, nyanya na karoti, muile na ugali na mchicha. Moto mrefu umeuwasha mara moja, vyakula viwili, ladha mbili. Kama mchana wa Jumatatu ukikuta povu au harufu ya uchachu, mwaga, usimpe mtoto.

Jumanne na Alhamisi ziache kwa bahari, na hapa nataka tukae kidogo, maana watu wa Tanga tuna ratiba ya chakula ambayo tumeisahau. Dagaa na uono huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, boti nyingi za dagaa hazitoki, na fungu linapungua huku bei ikipanda. Tazama juu kabla ya kupanga wiki. Wiki za giza ndizo za dagaa, uono na vibua, ule mara mbili au tatu, na ukipata pesa kidogo nunua wa ziada wa kuanika. Wiki ya mbalamwezi hamia kwenye kunde, choroko na mbaazi. Bamvua la mwezi mpevu maji yakitoka mbali wapo wanaokwenda kwenye miamba kutafuta pweza, na pweza mmoja mwenye mchuzi mzito wa nazi anaweza kulisha nyumba nzima kama utamkata vipande vidogo na kumwongezea bamia au viazi. Kwa mwaka mzima hesabu ni ya upepo. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, bahari inachafuka, wavuvi wenye vyombo vidogo hawatoki kila siku na samaki wa Deep Sea na Sahare, wanakoshushwa hapa Tanga, wanakuwa ghali. Kaskazi ikirudi bahari inatulia. Kina mama wanaopika changu mwaka mzima kwa mazoea ndio wanaolia kwamba Tanga samaki ni ghali, wakati Tanga ina samaki wa kila pesa, kwa majira yake.

Mboga zina majira pia. Kabichi, karoti na viazi mviringo vya Lushoto utavikuta soko la Mgandini karibu mwaka mzima, lakini masika yakikolea nyanya hupanda bei sana, basi huo ni wakati wa kupika vitu visivyodai nyanya nyingi: kisamvu, mchuzi wa nazi na ndimu, mlenda. Matembele na kisamvu havina bei kubwa wakati wowote, na kwa damu na macho ya mtoto vinaipita kabichi mbali. Jumatano basi iwe ya kisamvu. Kinunue kilichotwangwa, kichemke vizuri na kwa muda mrefu, kisha nazi au karanga za kusaga, na kunde ndani yake ukiwa nazo. Hicho ni kitoweo kamili, hakihitaji nyama pembeni.

Alhamisi usiku chemsha mbaazi ulizoloweka tangu asubuhi. Ijumaa asubuhi watoto wale mbaazi za nazi na maandazi yako mwenyewe. Nimeweka mbaazi asubuhi kwa makusudi. Mtoto anayeondoka na chai ya rangi na andazi moja saa 12, saa 4 tumbo linamdai, na ndipo zinapotoka zile 1,000 za chipsi ulizoandika mara nne. Asubuhi nyingine toa mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, au uji mzito uliotiwa karanga. Chipsi sikukatazi kabisa. Zipange siku moja, Jumamosi, wazijue zinakuja. Mtoto anayejua siku yake haombi kila siku.

Ijumaa mchana pika kile wanachokipenda, wali wa nazi na samaki wa kupaka au pilau ndogo, na kila wiki mtoto mmoja achague. Ukiondoa furaha kwenye ratiba, ratiba haitamaliza mwezi.

Kuhusu mdogo wa miezi kumi, usimpikie sufuria yake ya pekee, utachoka. Toa sehemu yake kwenye chungu cha familia kabla ya kutia pilipili na chumvi nyingi, uiponde. Kwa umri wake anahitaji kula mara tatu mpaka nne kwa siku, na kuongezwa kitu kidogo kama papai au ndizi katikati, huku akiendelea kunyonya. Uji mwepesi unaomiminika kama maji unamjaza tumbo bila kumlisha. Ufanye ubaki kwenye kijiko, na utie dagaa waliosagwa laini au karanga zilizosagwa laini, zisizo na ukungu wala uchungu. Chai asipewe.

Na nyinyi wakubwa chai isiandamane na chakula. Majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Chai inywewe kama saa moja kabla au baada, na kwenye sahani ikamuliwe ndimu au ifuatwe na chungwa la Muheza, hayo yanasaidia madini yaingie. Msichana wako wa kidato cha pili, kama ameshavunja ungo, hili linamhusu kuliko wote nyumbani, pamoja nawe.

Nimefika kwako. Katika wiki nzima umeandika nani alikula nini, na jina lako halimo jioni tatu. Kwenye moja umeandika "mimi ukoko na chai." Dada, unanyonyesha, unaamka alfajiri kukanda unga, na mwili wako ndio unaotengeneza maziwa ya mtoto. Sitaki kusikia kwamba umebana matumizi kwa kujinyima. Pakua sahani yako pamoja na zao, wakati mmoja, kabla hujaanza kuongeza. Kama chungu hakitoshi watu sita, tuongeze maji, tuongeze mihogo, tupike dona. Hilo ni jambo la kupanga, si la mama kulifidia kwa tumbo lake.

Biashara ya maandazi nimeiangalia pia. Haina hasara, inaliwa. Unga unaobaki unageuka chapati za jioni, maandazi yaliyobaki wanakula watoto, na asubuhi mtaji umepungua bila kujua umeenda wapi. Nyumba inunue kwako. Kila andazi linaloliwa ndani, toa pesa yake kwenye matumizi uiweke kwenye mtaji, kwa bei ya jumla kama unayompa mwenye mgahawa. Kisha ukishauza, pesa ya kwanza kutoka ni ya unga, sukari na mafuta ya kesho. Kinachobaki ndicho chako. Iandike kwenye daftari lake, mbali na la nyumba, maana ukishakuwa na kumbukumbu za miezi kadhaa unaweza kwenda na kikundi chako kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuulizia mikopo inayotolewa kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia nne ni ya wanawake na haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Huo ndio mkopo wa kukuzia biashara.

Kausha damu ni kinyume chake, na deni lake ni lazima lifungwe kabla ya akiba yoyote. Hakuna akiba duniani inayokua haraka kama riba ile. Nenda ukaombe uandikiwe deni lililobaki, tarehe na kiasi, kwa maandishi. Mkopeshaji halali anafanya kazi kwa leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mkataba unapaswa kuwa nao mkononi. Kama kikoba chako, yaani kikundi chenu cha kuweka na kukopeshana, kinakopesha kwa riba ndogo inayojulikana, kopa huko 80,000 ulimalize mara moja, ulipe kikoba polepole kwa ile 25,000 inayookolewa kwenye mafuta na mkaa. Usikubali kuongezewa mkopo mpya juu ya wa zamani, hata wakikuita mteja mzuri.

Mumeo mwambie. Najua unaogopa, na sababu zako unazijua wewe. Lakini mpango huu wote unasimama kwenye siku zake za malipo, na huwezi kumwomba 28,000 ya dumu huku unaficha 80,000. Matumizi ya nyumba ni wajibu wake, hapa kwetu hilo halina ubishi, na wanaume wengi ninaokutana nao hugoma pale wanapohisi wanaombwa pesa isiyoonekana iendako. Chagua jioni ameshakula, watoto wamelala, umfungulie daftari. Muonyeshe kwanza hesabu ya mafuta. Kisha mwambie deni lilikuwa la sare za watoto wenu, na hivi ndivyo litakavyokwisha. Ukiingia na hesabu mkononi mazungumzo yanakuwa ya nyumba, hayawi ya makosa ya mtu.

Liko fungu moja ambalo hukuliandika kama tatizo: shughuli. Ndani ya wiki moja umetoa 5,000 ya mchango na 15,000 ya dera la sare ya harusi ya Ngamiani. Sitakuambia usiende. Anayezika peke yake huzikwa peke yake, na mimi naamini hivyo. Ila msiba na sare ni vitu viwili. Kwenye msiba nenda kila mara, na mkono wako uwe na kitu. Kwenye harusi, jiwekee kwamba sare ni ya ndugu wa damu na ya shoga wa karibu, wengine unawapelekea mchango wako mdogo na gauni ulilonalo. Wa kwanza atanuna. Wa tatu atakuwa ameshazoea.

Tuje kwenye hizo Januari zako. Unajiona dhaifu kwa kushindwa kila Machi, na mimi naona ulichagua mwezi mgumu kuliko yote. Elimu bila ada ipo tangu 2016 kwa msingi na sekondari mpaka kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, michango nayo haikosi, na vyote vinadai Januari, pesa ikiwa imeshaliwa na sikukuu za Desemba. Halafu tazama kalenda ya mwezi. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2026 ilianza baada ya katikati ya Februari, 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, na 2028 itaanza mwishoni mwa Januari kwa mwandamo wa mwezi. Shule, futari na nguo za Idi vinasogeleana kila mwaka. Mama wa Tanga anayeanza maisha mapya tarehe 1 Januari anaanza akiwa ameshatanguliwa na madeni.

Watafiti watatu, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walichapisha mwaka 2014 kazi yao waliyoifanya Marekani kuhusu jambo hili. Waliona watu huanza mabadiliko zaidi kwenye mianzo: mwanzo wa wiki, wa mwezi, wa mwaka, hata baada ya siku ya kuzaliwa. Januari haina nguvu ya pekee, Jumatatu nayo ni mwanzo. Kwa hiyo ratiba ya chakula ianze Jumamosi ijayo unapoloweka maharage. Na akiba ya shule ianze Mfungo Mosi, baada ya Idi, deni likiwa limekwisha. Kutoka hapo mpaka Desemba una kama miezi tisa. Umekadiria mahitaji ya watoto watatu kuwa 180,000, yaani 20,000 kwa mwezi, 5,000 kwa wiki, nayo inatoka kwenye mafuta na mkaa, bila kumwomba mtu. Iweke kwenye kikoba kama hisa, kisha kwenye kikao pendekeza kwamba mvunje kikoba, yaani mgawane pesa, wiki ya kwanza ya Januari. Vikoba vingi vinavunja Desemba, na pesa inaishia kwenye kuku na vitambaa. Wenzio wenye watoto shuleni watakuunga mkono upesi.

Utateleza. Kutakuwa na wiki fundi hana kazi, au mgeni amekuja na wanawe, na ratiba itavurugika. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010, uliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea. Mpaka zoea likae, aliye katikati yao alichukua siku 66, wa haraka kabisa siku 18 tu, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ndiyo maana nakuomba usifunge daftari siku ulipokosea. Andika "leo tumekula chipsi, 6,000," kesho loweka kunde kama kawaida.

Umeuliza jokofu. Kwa sasa hapana, hasa la kukopa. Ukiwa mtumiaji mdogo, uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, bei ya umeme ni nafuu sana kuliko ukivuka hapo, na jokofu dogo tu linaweza kula kama uniti 30. Nyumba yenu kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla) uliyoandika inakaribia 50, kwa hiyo jokofu litakuvusha mpaka, na barafu za kwanza zitakuwa za kulipia umeme. Kama baada ya deni kwisha unataka kifaa cha umeme, nunua kwanza jiko la presha la umeme. Chungu cha maharage kinaiva humo kwa chini ya uniti moja, na gunia lako la mkaa litasogea zaidi ya wiki nne. Jokofu liwe la mwakani, kwa pesa taslimu, baada ya kuuza juisi ya ukwaju kwa kununua barafu za wengine msimu mmoja wa joto na kuona kama wateja wa mtaani kwenu wapo kweli. Ukishafika hapo niandikie tena, na hesabu za hiyo juisi uziambatanishe kama ulivyofanya safari hii.